Kifungu Ambacho Miren Aldecoa Alikataa Kukifuta

Miren Aldecoa hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini akishasema hapana, hapana yake haikuwa na mlango wa nyuma. Alikuwa fundi wa meno ya bandia mjini Boise, Idaho, katika karakana iliyojificha nyuma ya duka la matairi. Mabosi watatu walikuja wakastaafu, yeye bado yuko kwenye kiti kilekile, anasugua taya za watu asiowajua. Baba yake alikuwa Mbaski wa Hispania aliyevuka bahari kuja kuchunga kondoo wa matajiri kule jangwani, akilala ndani ya kibanda cha magurudumu bila kumiliki hata kondoo mmoja. Mama yake alipika katika bweni la wachungaji. Walipofariki waliacha nyumba moja ndogo isiyodaiwa na mtu, na jambo hilo walikuwa wakilitaja mara nyingi kuliko walivyosali.

Miren naye aliwahi kuwa na nyumba. Alipoolewa na Duane Hocking, dereva wa lori la maziwa, walinunua nyumba mpya kule Meridian, miaka ile ambayo kila mtu alikuwa ananunua. Siku ya kutia saini mezani palikuwa na rundo la karatasi, na kijana mmoja mwenye tai akawa anaonyesha kwa kidole: hapa, na hapa, na hapa pia. Miren aliuliza kama kweli nyumba ile ilikuwa na thamani ya fedha zile. Kijana akacheka kwa upole, akasema bei za nyumba Idaho hazijui kushuka. Haukupita muda zikaporomoka. Wakajikuta wanadaiwa karibu mara mbili ya kile ambacho nyumba ingeuzwa. Duane akaenda Nevada kutafuta kazi, na alichokipata huko ni mwanamke mwingine. Miren akavuta mzigo peke yake mpaka nguvu zikamwishia, kisha akapeleka funguo benki, akaziweka juu ya kaunta, akatoka.

Baada ya hapo alipanga nusu ya nyumba karibu na barabara ya Vista, akakaa humo kimya, akiweka akiba kidogo kidogo. Kisha mama mwenye nyumba akafariki, na watoto wake hawakuwa na haja ya mpangaji. Walitaka kuuza. Ilikuwa masika ya mwaka 2021, na Miren, mwenye umri wa miaka hamsini na saba, akaambiwa awe ameondoka mwisho wa Julai.

Alikuwa na akiba yake na fungu lake kutoka nyumba ya wazazi, na benki ilikubali kumkopesha. Kilichokuwa kibaya ni wakati wenyewe. Watu walikuwa wanahamia Boise kutoka California kama wanaokimbia moto, na wengine kweli walikuwa wanakimbia moto. Nyumba ikitangazwa Ijumaa, Jumamosi magari yamepanga foleni mpaka kona, Jumapili imeshapata mtu. Dalali wake, Shauna Bingham, mwanamke mchangamfu aliyekuwa na watoto watano na simu mbili, alimweleza hali ilivyo wakiwa ndani ya gari, wametoka kuangalia nyumba ya tatu.

"Dada Miren, nikwambie ukweli? Ofa yako ni nzuri, lakini ina mkia. Wauzaji wakiuona ule mkia wa tathmini wanaiweka chini ya rundo."

"Mkia wenyewe ndio unaonizuia nisianguke."

"Wenzako wote wanaufuta."

"Wenzangu wana hela za kuchezea, Shauna. Mimi nina hela za nyumba."

Mkia huo ulikuwa kifungu kimoja kifupi katika mkataba wa kununua nyumba. Mnunuzi na muuzaji wakishapatana bei, benki humtuma mthamini wake aende akaipime nyumba na kusema ina thamani gani, na benki hutoa mkopo kwa thamani hiyo, si kwa bei waliyopatana wao. Thamani ikitoka chini ya bei, kile kifungu kinampa mnunuzi ruhusa ya kujitoa na kurudishiwa arbuni yake, ile fedha aliyotanguliza. Asipokuwa nacho, atoe tofauti mfukoni, au aiache arbuni aende zake. Mwaka ule watu walikifuta kifungu hicho ili wapendwe na wauzaji. Miren hakukifuta. Akakosa nyumba ya nne, akakosa ya tano.

Mdogo wake Benito, fundi bomba mwenye kampuni yake na nyumba mbili za kupangisha, alimwambia anatafuta nyumba kama mtu anayetafuta sababu ya kutokuipata. Miren akamwambia ashughulike na vyoo vyake.

Mwezi wa tano alikwenda kuona nyumba ya Delbert Thornock, juu kule mtaa wa Bench, kandokando ya mfereji. Delbert alikuwa mzee wa miaka themanini na kitu, mrefu, aliyefiwa na mkewe Ardeth, na binti yake alikuwa anamsihi akakae naye katika mji wa Kuna. Kwa kawaida muuzaji hutoka nyumbani watu wakija kuangalia. Yeye aligoma kutoka. Alikaa jikoni na kofia yake kichwani, akiwatazama wanunuzi kama wamekuja kumpora.

Miren alipita vyumba vyote haraka haraka, akafika cha mwisho upande wa mashariki, akasimama. Kilikuwa chumba kirefu chenye madirisha pande tatu, na sakafu ya msonobari, na benchi pana chini ya dirisha. Mwanga uliingia mle kama umealikwa. Akakaa kwenye benchi, na hakukumbuka kuinuka mpaka Shauna alipomwita.

Wakati wa kutoka alisimama mbele ya mzee.

"Kile chumba cha mwisho amekijenga nani?"

"Mimi. Kwa nini, kuna kasoro umeiona?"

"Hapana. Nilitaka kujua tu."

"Wengine wote waliuliza kama ukuta unaweza kubomolewa," Delbert akasema.

Miren akatoa ofa ya dola laki tatu na tisini elfu, kifungu chake kikiwa palepale. Shauna aliipeleka bila matumaini. Kesho yake akapiga simu akiwa haamini anachokisema: mzee amekubali. Na alipoulizwa na dalali wake mwenyewe kuhusu kile kifungu, alijibu kwamba waje tu hao wathamini, waje hata kumi, wataona aibu kwa bei ndogo anayouzia.

Miren akaweka arbuni ya dola elfu tano katika kampuni inayoshika fedha za pande zote mbili mpaka mauzo yakamilike. Akaanza kukusanya maboksi.

Mthamini akaja, akapima, akapiga picha, akaondoka. Taarifa ilipotoka, Miren alikuwa karakanani na taya ya chini ya mtu mkononi. Aliposikia sauti ya Shauna kwenye simu akajua.

"Laki tatu na hamsini," Shauna alisema.

"Elfu arobaini chini."

"Ni kile chumba. Mzee alikijenga bila kibali cha kaunti. Kwenye hesabu za mthamini, chumba hakipo. Ameandika ni nafasi ya kuhifadhia vitu."

Miren akaiweka ile taya juu ya kitambaa. "Mwambie ashushe bei."

"Nimeshamwambia dalali wake. Mzee amekasirika sana. Anasema hashuki. Dada, una siku chache za kuamua. Ukiipata hiyo elfu arobaini popote, nyumba ni yako."

"Andika taarifa kwamba nakitumia kifungu. Leo. Nataka waipate kwa maandishi kabla hawajafunga ofisi."

"Huna haja ya kukimbilia hivyo, labda tuka..."

"Leo, Shauna."

Jumapili hiyo alikwenda kula kwa Benito. Baada ya kondoo na maharage mekundu walikaa kucheza mus, mchezo wa karata waliofundishwa na baba yao, mchezo ambao hata ukiwa na karata mbovu unaweza kusema *hordago*, maana yake unaweka kila kitu mezani, na mwenzako achague kukufuata au kukimbia. Benito alikuwa anapenda sana kulisema neno hilo. Safari hii aliweka karata zake chini.

"Dada, nina hela. Kazi za mwaka huu zimeniletea nyingi. Chukua hiyo arobaini, utanilipa ukiweza, usipoweza basi. Kachukue nyumba yako."

Mkewe akasimama na sahani mkononi ili asikie jibu.

"Asante, mdogo wangu. Sichukui."

"Kwa nini? Ni ya kwangu, si ya benki. Sitakuja kukugongea mlango."

"Si suala la nani anatoa. Nyumba wanasema ni tatu hamsini. Nikilipa tatu tisini, siku ya kwanza nikiingia mlangoni nimeshazama. Nilishawahi kukaa ndani ya nyumba ya namna hiyo, Benito. Unaamka asubuhi, unapika kahawa, na kila kijiko kinakuambia hiki si chako."

"Bei zinapanda. Mwakani itakuwa laki tano."

"Hata mimi niliambiwa hivyo na mtu aliyevaa tai."

"Mimi sijavaa tai."

"Ndiyo maana nimekujibu kwa heshima," Miren akasema. "Cheza karata."

Benito alicheza, lakini alikuwa amenuna, na kwa mara ya kwanza hakusema hordago hata pale alipokuwa na karata nzuri. Ilimuuma Miren kumwona hivyo. Alijua kwamba mtoto yule, aliyemfundisha mwenyewe kuendesha baiskeli, alikuwa amefikiria kwa siku nyingi jinsi ya kumpa bila kumdhalilisha.

Shauna alikuwa amemkataza kuzungumza na muuzaji. Jumatatu akitoka kazini Miren alipanda Bench mwenyewe.

Ilikuwa zamu ya Delbert ya kumwagilia ua kwa maji ya mfereji. Alikuwa amefungua mlango mdogo wa mbao na maji yalikuwa yanatambaa juu ya majani ya ua wake wote. Yeye mwenyewe alisimama katikati amevaa mabuti ya mpira, ameshika koleo. Alimwona Miren akija na hakusogea.

"Umekuja kunipa hela au kunipa pole?"

"Hela sina, mzee. Pole sidhani kama unaitaka."

"Siitaki." Akachimba donge la tope akalitupa kando. "Yule kijana amekuja na kamera yake. Hata kofia hakuvua ndani. Ameingia kwenye kile chumba akageuka akatoka. Chumba kile nilikijenga Ardeth alipoanza kushindwa kupanda ngazi. Amelala mle mpaka mwisho wake. Sasa mtu ananiandikia kwamba mke wangu alikuwa amelala stoo."

Miren alitazama madirisha ya mashariki. "Kwa nini hukuchukua kibali?"

"Mke wangu alikuwa anakufa, binti. Ningekwenda kupanga foleni kaunti?"

Maji yalikuwa yameshafika kwenye viatu vya kazi vya Miren, akayaacha.

"Chumba ni kizuri," alisema. "Ndicho kilichonifanya nitoe ofa. Kama mimi ndiye ningekuwa napima, ningekipima chote. Lakini si mimi."

"Lakini wewe ndiye mwenye hiari ya kulipa."

"Na wewe ndiye uliyesema waje hata kumi."

Delbert akaguna. "Nilidhani wanapima kwa macho."

"Shuka tukutane pale waliposema."

"Hata senti."

"Basi na mimi sipandi hata senti."

"Ulikaa kwenye lile benchi kama mtu aliyefika kwake. Nilikuona. Unakitaka kile chumba."

"Nakitaka mpaka sasa hivi tunavyozungumza."

"Basi lipa."

"Hapana."

Miren alisimulia baadaye kwamba hakuwahi kumpenda mtu kwa haraka vile huku akiwa tayari kumshinda.

"Ile elfu tano inabaki kwangu," Delbert akasema. "Umenipotezea msimu wa kuuza. Nilikuwa na watu kumi na mmoja mlangoni."

"Ile elfu tano ni yangu. Kasome ulichotia saini."

"Nimetia saini vitu vingi maishani mwangu bila kusoma."

"Na mimi pia, mzee. Ndiyo maana hiki nilikisoma."

Mzee akamgeuzia mgongo akaenda kufunga maji. Miren akarudi garini, akavua soksi zilizolowa, akaendesha mpaka nyumbani miguu mitupu.

Mkataba ukafa, lakini arbuni haikutoka. Ile kampuni haikuweza kuiachia mpaka pande zote mbili zitie saini, na Delbert alikataa kutia. Hakutoa sababu yoyote. Dalali wake mwenyewe alimwomba mara mbili akakatiwa simu. Wiki zikapita. Fedha zikiwa zimefungwa kule, Miren hakuweza kutoa ofa nyingine ya maana. Julai ikaisha. Vitu vyake akaviweka katika gereji ya Benito, na yeye mwenyewe akahamia chumba cha chini ya ardhi katika nyumba ya mdogo wake, akalala kwenye kitanda cha sofa kando ya mashine ya kufulia.

Shauna alikuja kumwona akiwa na keki na wazo.

"Dalali wa mzee anasema mgawane nusu kwa nusu. Uchukue elfu mbili na mia tano, mambo yaishe, tutafute nyumba nyingine. Watu wengi hufanya hivyo, dada. Si aibu."

"Nusu ya kitu changu namwachia kwa kosa gani?"

"Si kosa. Ni kununua amani."

"Amani ninayo. Ninalala chini ya ardhi na mashine inafua kando ya kichwa changu, na nina amani. Mwambie nataka yote."

Kila Ijumaa, muda wa chakula cha mchana, alikwenda kwenye ofisi ya ile kampuni na mkate wake wenye nyama ya nguruwe na pilipili. Alimsalimu mhudumu wa mapokezi, akauliza kama bwana Thornock ametia saini, akaambiwa bado. Akaketi kwenye kiti cha wageni, akala taratibu mpaka akamaliza, akafuta makombo, akaaga. Ijumaa ya pili meneja alitoka akamweleza kwa adabu kwamba hakuna haja ya kuja, watampigia. Miren akasema anajua, ila viti vyao ni vizuri. Baada ya hapo mhudumu akawa anamwekea kahawa kabla hajafika.

Mkwamo ulivunjika mwezi wa tisa, na haukuvunjwa na huruma ya mtu. Delbert alikuwa amepata mnunuzi mwingine, mtu na mkewe kutoka Sacramento, wenye fedha taslimu, laki nne na kumi, bila mkopo wala mthamini wala kifungu chochote. Ile kampuni ikamwambia haiwezi kumaliza mauzo mapya wakati mgogoro wa mkataba wa zamani uko wazi. Binti yake akaja kutoka Kuna akamketisha mezani. Mzee akatia saini.

Shauna alileta habari hiyo kwa uangalifu, kama anayebeba kitu cha moto. "Arbuni yako inarudi. Yote. Anataka tu utie saini kwamba huna malalamiko dhidi yake."

"Lete kalamu. Sikuwahi kuwa na malalamiko dhidi yake."

Benito hakuweza kujizuia. Alisubiri mpaka Pasaka ya mwaka uliofuata, nyama ikiwa mezani, ndipo akatangaza kwamba nyumba ya Bench sasa inakadiriwa kwenye laki nne na themanini. Alikuwa ameitafuta kwenye simu.

"Ungeinunua kwa tatu tisini," alisema. "Nahesabu tu."

"Hesabu, mdogo wangu. Mikono ni yako."

"Hujutii hata kidogo?"

Miren alitafuna kwanza akameza. "Nakijutia kile chumba. Kila siku nikiamka pale chini kwako penye giza nakikumbuka. Lakini ukinirudisha mezani na kalamu ileile, nafanya vilevile."

Mwishoni mwa mwaka huo riba za mikopo zilikuwa zimepanda, magari ya foleni yametoweka, na wauzaji wameanza kupokea simu wenyewe. Shauna akampatia nyumba katika mji wa Nampa, ndogo, ya rangi ya udongo, vyumba viwili, reli ikipita nyuma ya uzio. Dalali wa muuzaji alisema kwa bei ile ya chini kifungu cha tathmini ni kupoteza muda tu, kifutwe wamalize mapema. Shauna aliangua kicheko kabla Miren hajafungua mdomo.

"Kaka, huyu usimwambie hivyo," alimjibu. "Kiache."

Mthamini akaja, akasema nyumba ina thamani ya bei waliyopatana na zaidi kidogo. Miren alisoma kila ukurasa wa mkataba mezani, watu wakimsubiri, mmoja akitazama saa, na hakuharakisha.

Benito alimhamisha kwa gari lake la kazi. Mlango wa mbele ulikuwa mwembamba, ikabidi waung'oe ndipo kochi lipite. Wakati wameliinua, yeye mbele na dada yake nyuma, treni ya mizigo ikapita nyuma ya uzio ikipiga honi, vioo vya madirisha vikatetemeka.

"Itakuwa inafanya hivi kila siku?" Benito akauliza.

"Na usiku pia."

"Kwa riba hii unalipa kwa mwezi sawasawa na ambavyo ungelipa kule Bench. Unajua?"

"Najua."

"Kule ungekuwa na madirisha pande tatu."

"Kule ningelala na hofu. Hapa nitalala na treni. Inua upande wako, unaburuza."

Benito akainua. Walipoliweka kochi mahali pake akaenda jikoni kunywa maji, akagundua bomba linavuja chini ya sinki, akaanza kumlaani fundi wa zamani ambaye hakumjua hata jina. Akalala chali sakafuni na tochi mdomoni. Miren alichemsha maharage, akakata soseji nene za kwao, na treni ya pili ilipopita akaendelea kukata.